Koti la Aliyekwisha Kuaga

Koti lenyewe lilikuwa zuri, tusilizulie. Ngozi halisi, rangi ya tende iliyoiva, kola ya manyoya ya kondoo, zipu nene ya shaba, na kiunoni limebanwa kwa sufi ili upepo wa mawinguni usipate pa kuingilia. Marubani wa zamani ndio waliovaa makoti ya namna ile. Ubaya wake ulikuwa mmoja tu: lilikuwa Makangale, kaskazini kabisa mwa Pemba, mwezi wa pili, jua likichoma mpaka kuku wanatembea midomo wazi, na ndani yake mlikuwa na Mwalimu Thuwein, mzee wa miaka sitini na tisa, zipu imepanda mpaka kidevuni.

Alilivaa kila siku ya Mungu. Alikwenda nalo dukani kununua sukari, alikwenda nalo kuchimba muhogo, na msikitini alilivua kwa ajili ya udhu tu, kisha akalirudisha mwilini mikono ingali inachuruzika maji. Shingo yake ilijaa harara, na akiwa peke yake nyumbani alijipaka poda ya watoto wachanga. Wauza samaki walimwita Rubani. "Rubani, ndege i wapi?" wakimuuliza, naye huwajibu, "Inatiwa mafuta," wakacheka, naye akacheka, kisha wakageukia wateja wao. Majibu alikuwa nayo Mwalimu. Mtu wa kuzungumza naye baada ya kicheko ndiye aliyemkosa.

Ukitaka kujua kwa nini mtu mwenye akili zake, aliyesomesha hesabu miaka thelathini na nne, ajibanike mwenyewe namna ile, itabidi uanze na safari.

Mwaka uliopita, mwanawe wa pekee, Qais, anayeishi Uskochi, alimpigia simu akamwambia, "Baba, uko peke yako tangu Mama afariki. Njoo ukae na mimi." Haukupita mwezi, koti likafika, limebebwa na mtu aliyekuja likizo. Qais alikuwa amelinunua katika duka la vitu vya zamani. "Hilo la kushukia uwanjani," alisema. "Baridi ya huku haina haya." Mwalimu akalivaa mbele ya kioo. Lilimzidi mabegani, lakini alijiona mtu anayengojewa mahali, na hilo alikuwa amekwisha kulisahau lilivyo.

Sasa, Pemba mtu hahami kama anayekwenda Konde kununua mafuta ya taa. Huaga. Hupita nyumba kwa nyumba, akapiga hodi, akakaa kidogo, akasema, "Nimekuja kuaga, na kama kuna neno baina yetu, naomba radhi." Na mwenye nyumba, hata kama moyo wake umejaa makaa, hujibu, "Nimekuradhi, duniani na akhera." Msafiri hanyimwi radhi. Nani ajuaye kama mtaonana tena? Ni desturi nzuri, siisemi vibaya, ila iliwekwa kwa watu wanaoondoka kweli. Wenye hekima huaga tiketi ikiwa mfukoni. Mwalimu Thuwein aliaga kwa ahadi ya simu.

Ilikuwa mwisho wa mwezi wa sita, hewa ya kipupwe, koti halimsumbui mtu. Aliaga siku tatu nzima. Mbuzi wake alimpa Bi Mwatima, mjane wa nyumba ya pili. Kitanda alikipeleka kwa mtu aliyekuwa akioza mwanawe, yeye akabaki na mkeka. Daftari la zamu za kuchimba makaburi, alilolishika miaka ishirini, alimkabidhi Zubeir, naibu wa imamu, akamfundisha nani ana mgongo mbovu asipewe jembe. Ijumaa akaombewa dua msikitini. Watu walilia, na wengine walilia kwa kweli.

Nyumba ya mwisho aliiacha makusudi. Ilikuwa ya Jecha.

Jecha alikuwa fundi wa baiskeli. Banda lake la mabati lilikuwa mbele ya nyumba yake, ukingoni mwa barabara, lina beseni la maji la kutafutia tundu za tyubu, na minyororo imeangikwa kwenye misumari. Kwa miaka kumi na tisa, kila baada ya alasiri, Mwalimu alikuwa akikaa ubaoni pembeni mwa Jecha, mmoja akisugua tyubu, mwengine akisoma gazeti la juzi kwa sauti. Hawakuwa na undugu wowote. Walipendana tu, kama watu wawili wanavyoweza kupendana bila ya kuulizana sababu.

Kisha Qais, alipotimiza miaka ishirini na tano, akamwomba baba yake apeleke posa kwa Jecha, amtake binti yake, Kauthar. Ukoo wa Mwalimu ulikuwa wa asili ya Oman. Zamani mikarafuu ya babu zake ilianza Konde na jicho halikuona ilikokwisha. Iliyobaki ilikuwa kumi na mmoja, pamoja na jina refu. Lakini jina refu nalo hulevya. Barazani Konde, mbele ya watu, Mwalimu alisema, "Mie nikatandikiwe mkeka wa posa kwa fundi baiskeli? Kukaa ubaoni kwake ndio nioane naye?" Watu wakacheka, naye akafurahi kuwa amechekesha. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Neno lilifika Makangale kabla yake, na yeye alirudi kwa gari.

Jecha hakugombana. Asubuhi yake alichukua msumeno, akaukata ubao, ukabaki wa kukaa mtu mmoja.

Kauthar akaozwa harakaharaka kwa mtu wa Tanga, na katika miaka kumi na minne alirudi kwao mara mbili, zote kwa maziko. Qais akaenda Maskati, kisha Uskochi, na mama yake akafa bila ya kumwona. Mwalimu na Jecha waliendelea kusali safu moja, wakitupiana salamu kama mtu anayemtupia kuku mtama. Baiskeli ya Mwalimu ikipata pancha, aliikokota mpaka Konde kwa miguu, akalipita lile beseni la Jecha macho mbele.

Basi siku ile ya kuaga, koti mwilini, alisimama mbele ya banda.

"Jecha, n'nakwenda," alisema. "N'nakwenda moja kwa moja. Neno nililolisema n'nalijua, na kila siku n'nalisikia. Nakuomba radhi."

Jecha alimtazama uso, akalitazama koti, kisha akainamia beseni lake kama aliyedondosha kitu ndani. Alipoinua kichwa, ndevu zilikuwa zimelowa, na si kwa maji ya beseni.

"Miaka kumi na minne, yakhe, nangoja neno hilo," akasema. "Nimekuradhi. Duniani na akhera. Enda salama."

Wakakumbatiana, na grisi ya mikono ya Jecha ikaganda mgongoni mwa koti. Mwalimu hakuifuta.

Siku ile ile alimpigia Qais simu, sauti imejaa furaha. "Jecha kaniradhi!" alisema. "Mwanangu, Jecha kaniradhi!" Qais akasema, "Vizuri, Baba," akakata. Baada ya siku mbili akapiga tena.

"Baba, usije," alisema. "Nilidhani nimesahau. Uliponiambia yeye kakusamehe, nikajitazama, nikaona mimi bado. Sitaki kukaa nyumba moja na wewe nikawa nakupa chakula na kinyongo. Kaa huko. Nitakuwa nakupigia kila Ijumaa."

Mwalimu alisema, "Sawa, mwanangu." Alisema sawa mara nne au tano, hata simu ilipokwisha kukatwa.

Haki ya Mungu, siku ile alikusudia kusema kweli. Alilivaa koti kwa sababu ya mvua ya manyunyu, akashika njia kwenda kwa Jecha akamwambie kuwa safari imevunjika. Jecha alipomwona tu, alivuta kreti tupu la soda, akaligeuza, akalipangusa kwa kitambaa chake.

"Kaa, yakhe, kaa," alisema. "Siku zenyewe zimebaki chache, tusizipoteze kwa kusimama."

Mwalimu akakaa. Jecha akamhadithia kifo cha ng'ombe wake, na ndoto aliyoota mwaka ule waliponuniana, na jinsi Bi Rumaitha, mke wa Mwalimu, alivyokuwa akimletea chapati kwa siri miaka yote ile. Hilo Mwalimu hakuwa akilijua. Alicheka mpaka akalia. Na Jecha alipouliza, "Lini hasa unaondoka?" kinywa kilijibu chenyewe, "Imesogea kidogo. Mwezi ujao."

"Alhamdulillahi," Jecha akasema. "Tumeongezewa."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Mwezi ujao ukawa mwezi ujao tena. Kila baada ya alasiri Mwalimu alikuja na koti lake, akakaa juu ya kreti, na Jecha akampa kila neno zuri alilokuwa nalo, kwa sababu anayepewa anaondoka. Urafiki wote ule ulisimama juu ya safari. Bila ya safari, Mwalimu alijua, hakuna kreti. Kwa hiyo koti halikuvuliwa. Mtu akimuuliza, "Mwalimu, hujaondoka?" koti lilimjibia. Mwenye kuvaa vile ni mtu ambaye gari yake inakuja sasa hivi.

Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye nguo yenyewe ndiyo iliyokuwa ikimla.

Maana Makangale iliyobaki ilikuwa imekwisha kumfuta. Si kwa ubaya. Walishamuaga, walishamlilia, na mtu halii mara mbili kwa msafiri mmoja. Haroub, mkulima wa mpunga wa upande wa kisimani, alipomwoza mwanawe, mjumbe aliyepita kualika nyumba kwa nyumba aliiruka ya Mwalimu kama inavyorukwa nyumba mbovu. Walipokutana njiani baadaye, mjumbe akashika kichwa. "Wallahi, Mwalimu, nilijua ushakwenda!" Mzee mmoja wa kisomo alipofariki, Mwalimu alisikia kupitia kipaza sauti cha msikiti, akakimbia, akakuta kaburi limekwisha kufukiwa na Zubeir anapanga watu wa zamu ya kesho kutoka lile daftari. Hakuna aliyemwambia shika jembe. Mwezi wa Rajab watu walipokula khitma, sinia zilihesabiwa, na yeye akajibana kwenye sinia ya wageni kutoka Wete, waliomuuliza anatoka nchi gani. Asiyekuwepo na lake halipo, husema watu. Yeye alikuwepo, amevaa na koti, na lake halikuwepo vilevile.

Alikuwa mpweke, ndilo neno lake, wala hakuna haja ya kulizunguka. Nyumbani alikula muhogo wa jana akiwa amesimama. Siku nzima ilikuwa ikingoja alasiri.

Na kaskazi ikaingia, na joto lake.

"Lakini koti hilo, yakhe, utaiva," Jecha alimwambia siku moja, mikono ndani ya beseni, akitafuta mapovu.

"N'nauzoesha mwili," Mwalimu alijibu. Jasho lilikuwa likimtiririka mgongoni hadi kwenye mkanda. "Kule baridi kali."

"Ntu hauzoeshi mwili baridi kwa kuupika," Jecha akasema, na wakacheka wote wawili.

Kisha Jecha akatoa tyubu majini, akaikausha kwa kitambaa taratibu, bila ya kuinua macho.

"Nimempigia simu Kauthar," alisema. "Nimemwambia Mwalimu anaondoka, wala hapana ajuaye mauti ya nani yako mbele. Kwanza hakutaka hata kusikia. Nimemsihi wiki nzima. Kakubali. Anakuja Alkhamis akuradhi mwenyewe kwa mdomo wake, uondoke mwepesi."

Mwalimu alifungua mdomo. Akasema, "Mungu akujaalie kheri, Jecha," kwa sababu hakuna jengine lililotoka.

Siku tatu zilizofuata hakula chochote chenye ladha. Kuipata radhi ya Jecha halikuwa kosa. Wakati anaipokea alikuwa msafiri kweli. Kuikalia miezi saba ndiko kulikokuwa wizi. Lakini hii ya Kauthar ilikuwa jambo jengine. Yule mwanamke alikuwa akivuka bahari kuja kutoa kitu ambacho hangempa Mwalimu wa kubaki hata kwa dawa. Akinyamaza, ataipata radhi, na Jecha atazidi kumpenda, na kreti litakuwa lake mpaka joto lile limuue. Akisema, atabaki na mkeka wake na muhogo wake, na salamu za kutupiana za miaka mingine kumi na minne, akijaaliwa kuifikia. Alifikiri hata kuondoka kweli, ashuke Unguja, ajifiche kwa watu asiowajua, ili uongo wake uwe kweli. Alimpigia Qais amwombe japo mwezi mmoja wa kukaa naye. Qais hakupokea. Haikuwa Ijumaa.

Alkhamis, baada ya alasiri, alilivaa koti, akaenda.

Kauthar alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki ndani ya banda la baba yake, mkoba miguuni. Mwanamke wa miaka thelathini na saba, baibui la safari lingali na vumbi, uso ni wa Jecha mtupu. Mwalimu alikumbuka kuwa alimsomesha kugawanya kwa tarakimu mbili, na kwamba alikuwa hodari.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umefika salama?"

"Nimefika."

Jecha alikuwa amesimama nyuma ya mwanawe, anafuta spana ambayo ilikuwa safi tayari. Uso wake ulikuwa na tabasamu la mtu aliyepika chakula kizuri na anangoja wageni waonje.

Kauthar akavuta pumzi. "Mwalimu, nimekuja kwa sababu Baba kaniambia unaondoka. Mie—"

"Usiseme," Mwalimu alisema. "Usiseme kwanza, mwanangu. Nakuomba."

Akashika zipu. Ilikwama katikati kama kawaida yake, akaivuta kwa nguvu mpaka ikashuka. Akautoa mkono mmoja, akautoa wa pili. Shati lilikuwa limemgandama mwilini kama la mtu aliyetolewa kisimani, na shingo na kifua vilikuwa vyekundu kwa harara iliyochubuka. Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Yeye alijivua mwenyewe, tena mbele ya barabara, na watu wawili waliokuwa wakipita na mizigo ya kuni wakapunguza mwendo.

"Siendi," alisema. "Safari ilikufa tangu mwezi wa saba. Siku mbili tu baada ya kukuaga, Jecha. Qais kasema nisije. Nikaona haya, kisha nikaona raha ya kukaa nawe hapa, nikanyamaza. Sina safari. Sikuwa nayo hata siku moja niliyokaa juu ya kreti hili."

Jecha alikuwa ameacha kufuta. Tabasamu lilikuwa bado usoni, limesahauliwa pale.

"Hata siku moja," akasema.

"Hata moja."

"Miezi saba unanikalia hapa. Miezi saba nakufungulia kifua changu kama ntu anayemfungulia maiti mlango." Sauti yake haikupanda, na hilo ndilo lililomuumiza Mwalimu zaidi. "Mie niliyempa radhi ni ntu anayekwenda, Thuwein. Weye wa kukaa, wa kukuona kila siku msikitini mpaka nife, sikuwahi kujiuliza kama nakuweza."

Mwalimu alilishika koti mikononi, hajui aliweke wapi.

Kauthar ndiye aliyesema. "Qais mwenyewe ndiye aliyesema usije?"

"Mwenyewe."

"Kwa ajili ya lile neno?"

"Kwa ajili ya lile."

Alimtazama mzee kwa muda mrefu, kuanzia shati lililolowa hadi miguu. Mwalimu alijitayarisha kwa kicheko. Ingekuwa haki yake kucheka, na yeye angesimama pale ampe nafasi.

"Kumbe na weye umekataliwa," Kauthar akasema. Hapakuwa na kejeli yoyote. Alisema kama mgonjwa anayemtambua mgonjwa mwenzake kwenye benchi la hospitali. "Inauma, Mwalimu?"

"Inauma."

"Wapi hasa?"

Mwalimu alifikiri. Swali lilikuwa la kweli, likataka jibu la kweli.

"Watu wanapocheka," alisema.

"Ndipo hapo," Kauthar akasema. "Ndipo hapo hasa."

Akainuka, akachukua mkoba wake. "Sijakuradhi," alimwambia, bila ya ukali. "Nilikuwa nimejitayarisha kumradhi msafiri. Weye wa hapa sijui. Labda siku moja." Akaingia ndani kwa baba yake, na pazia la mlango likarudi mahali pake.

Wakabaki wawili. Mwalimu alingoja Jecha alipige teke kreti. Lingekuwa jambo la kueleweka. Jecha hakuligusa. Alikaa ubaoni kwake, akaichukua tyubu, akaitia majini, ingawa ilikuwa haina upepo na haiwezi kutoa povu.

"Nenda nyumbani, Mwalimu," akasema. Hakusema yakhe. "Kesho usije. Wala kesho kutwa. Nikiona n'naweza, nitakuja mwenyewe."

Mwalimu akashika njia, koti limelala mkononi. Upepo ulimpiga shati lililolowa na kwa mara ya kwanza tangu mwaka kuingia akahisi baridi, tena akaipenda. Bi Mwatima alikuwa mlangoni anapepeta mchele.

"Mwalimu! Safari imekuwaje?"

"Imekufa, Bi Mwatima. Siendi."

Bi Mwatima aliuweka ungo chini. "Maskini ya Mungu," alisema. Akafikiri kidogo. "Na yule mbuzi?"

"Mbuzi ni wako. Kilichotolewa hakirudi."

"Basi nitakuletea maziwa," akasema Bi Mwatima, ametua moyo.

Kabla ya magharibi kijiji kizima kilikuwa na habari. Wauza samaki walicheka siku mbili, wakachoka siku ya tatu. Kesho yake, Ijumaa, Qais alipiga simu kama kawaida yake, na Mwalimu akamweleza yote: koti, kreti, na kuwa Kauthar alikuja na asubuhi ile ameshika njia ya kurudi Tanga bila ya kumradhi.

"Yukoje?" Qais akauliza.

"Mzima. Anafanana na baba yake."

"Haya, Baba." Kisha tena, "Haya. Tutaongea Ijumaa."

Alasiri zilikuwa ngumu. Akitoka msikitini, miguu ilitaka kukunja kulia kuelekea bandani, na Mwalimu ilimbidi aiambie hapana, kama mtu anayemzuia punda. Alikaa barazani kwake mwenyewe, kwenye sakafu, maana viti navyo alikuwa amevigawa. Hakuna aliyepita kwa ajili yake. Jumamosi ikapita hivyo, na Jumapili. Msikitini Jecha alisimama safu ya mbele yake na hakugeuka.

Jumatatu, jua limeinama, akasikia hodi.

"Hodi."

"Karibu," Mwalimu alisema, na alipomwona akataka kuinuka, lakini Jecha akamwonyesha kwa kiganja akae hapo hapo. Hakutoa mkono. Alikaa kwenye ngazi ya baraza, amempa mgongo, viwiko juu ya magoti, anatazama barabara. Mikono yake ilikuwa na grisi. Alikuwa ameacha kazi katikati.

Mwalimu aliona shingo ya rafiki yake ilivyozeeka, mvi zilivyoteremka mpaka kwenye kola. Alitaka kusema mengi akayazuia yote. Jecha alivuta pumzi mara moja, kama anayetaka kuanza neno, akaiachia. Alifunga ngumi, akaifungua. Mpita njia aliwasalimu, na wote wawili wakaitikia kwa pamoja. Ulipita muda wa kuziba pancha mbili, au tatu.

Mwisho Jecha akainuka, akajipangusa vumbi nyuma ya kikoi. Akageuka, akamtazama Mwalimu usoni, moja kwa moja, kama anayepima uzito wa gunia kabla ya kulitia begani.

"Bado," akasema. "Kesho nitakuja tena nijaribu."